Utambuzi na ukuzaji wa uwezo wa wafanyakazi

Utambuzi na ukuzaji wa uwezo wa wafanyakazi ni shughuli ya kuchunguza mambo ambayo kila mfanyakazi anayafanya vizuri, kumpangia kazi zinazoyahitaji na kumpa nafasi ya kuyaendeleza. Ni sehemu ya usimamizi wa rasilimali watu. Uwezo huo unajumuisha kipawa cha mtu, ujuzi alioupata kwa mazoezi na maarifa aliyosoma.

Shughuli hii ni tofauti na kuangalia vyeti peke yake. Cheti huonyesha kwamba mtu alifaulu mtihani fulani. Hakionyeshi kila anachokiweza, na kukosa cheti si sawa na kukosa ujuzi.

Historia ya dhana

Peter Drucker, mtaalamu wa menejimenti aliyezaliwa Austria na kufanya kazi Marekani, alieleza katika kitabu The Effective Executive (1967) kwamba kiongozi hupata matokeo kwa kutumia yale ambayo watu wake wanayaweza. Mwaka 2001 Donald Clifton na Marcus Buckingham walitoa kitabu kilichoambatana na dodoso la StrengthsFinder, linalopanga vipawa katika makundi 34. Mwaka 2004 wanasaikolojia Christopher Peterson na Martin Seligman walichapisha orodha ya sifa 24 za tabia njema, kama vile udadisi, ustahimilivu na uadilifu.

Njia za utambuzi

Njia zinazotumika zaidi ni hizi:
* Kumtazama mfanyakazi akiwa kazini: ni kazi gani anaimaliza haraka bila makosa, na wenzake humwendea kwa msaada gani.
* Mazungumzo ya faragha kati yake na msimamizi.
* Jaribio la vitendo, ambapo mtu huonyesha kazi badala ya kuieleza.
* Tathmini ya kila mwaka. Katika utumishi wa umma Tanzania Bara, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi ulianza mwaka 2004. Ndani yake mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo na kuyapitia pamoja.

Uwezo ukishajulikana, hukuzwa kwa kumpa mtu kazi ngumu kidogo kuliko aliyoizoea, kumweka karibu na mzoefu, kumpeleka kwenye mafunzo, au kumpa yeye mwenyewe jukumu la kufundisha wengine.

Zanzibar

Unguja ina desturi ya muda mrefu ya uanagenzi. Kijana huwekwa kwa fundi seremala, mshonaji, mwashi au fundi wa magari, na hujifunza kwa kutazama na kushika kazi. Fundi humwachia kazi kwa hatua: kwanza kushika vifaa, kisha sehemu ndogo ya kazi, mwishowe kazi nzima ya mteja. Njia hii inafaa hasa katika mitaa ya Ng'ambo kama Jang'ombe, ambako karakana na makazi yako karibu. Udhaifu wake ni kwamba mwanagenzi anaweza kumaliza miaka mingi akiwa hodari lakini bila karatasi ya kuonyesha anapoomba ajira katika kampuni, hoteli au serikali.

Pengo hilo ndilo linalolengwa na urasimishaji wa ujuzi, yaani kumpima kwa vitendo mtu aliyejifunza nje ya mfumo rasmi na kumpa cheti akistahili. Kwa Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa na VETA. Zanzibar ina Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, yenye vituo vikiwemo Mwanakwerekwe na Mkokotoni huko Unguja, na Vitongoji huko Pemba.

Mfano mwingine ni kituo cha Barefoot College huko Kinyasini, Kaskazini Unguja. Wanawake wa vijijini, wakiwemo wasiosoma sana, hufundishwa kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Mafunzo hutegemea vitendo zaidi ya vitabu, na mhitimu hurudi kuhudumia kijiji chake. Mtindo huo ulianzia Tilonia, India.

Katika Mji Mkongwe, uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, suala hili linagusa uhai wa majengo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa na dari za boriti za mikoko zinahitaji mafundi wanaojua vifaa hivyo, kwani saruji huzuia ukuta wa chokaa kupumua na unyevu hubaki ndani. Sehemu ya Beit el Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Ujuzi wa fundi mzee usipotambuliwa na kurithishwa akiwa hai, hupotea pamoja naye.

Ukosoaji

Baadhi ya wataalamu huonya kwamba uwezo ukitumiwa kupita kiasi hugeuka kasoro: mtu makini sana anaweza kuchelewesha kazi, na mwenye kujiamini anaweza kukataa ushauri. Madodoso pia hutegemea jinsi mtu anavyojieleza. Hatari nyingine ni upendeleo, pale msimamizi anapoona vipawa vya ndugu na marafiki tu. Tena, mfanyakazi hodari anaweza kubebeshwa kazi za wengine bila nyongeza ya mshahara. Kwa hiyo utambuzi huhitaji vigezo vilivyo wazi, na malipo au cheo kinacholingana na kazi.