Mauaji ya Lumumba na Waandishi Wake

Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwaita waandishi wa habari mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, akawaeleza kwamba Patrice Lumumba na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, walikuwa wametoroka kizuizini, wakakutwa na wanakijiji, wakauawa. Jina la kijiji hakulitaja, kwa madai ya kuwakinga wenyeji wasije wakalipiziwa kisasi. Kilitolewa cheti cha kifo chenye sahihi ya daktari Mbelgiji. Wauaji wasiojulikana waliahidiwa zawadi ya fedha, na mwenye shaka aliambiwa alete ushahidi.

Anayechunguza jinsi mauaji haya yalivyoandikwa hana budi kuanzia hapo, kwa maana taarifa ile ilikuwa tayari hadithi kamili ya jinai. Ilikuwa na wahanga, mahali, wauaji, hata sababu ya kuua. Kilichokosekana ni miili tu. Tena uzito wa damu ulitupwa juu ya watu wa shamba, ambao hawakuwa na gazeti wala wakili wa kuwajibia.

Miaka ile ile utanzu wa simulizi la kweli la mauaji ulikuwa unajipatia heshima katika fasihi ya Marekani. Truman Capote alitoa kitabu chake In Cold Blood mwaka 1966, juu ya familia moja iliyouawa katika kijiji cha Holcomb, Kansas, mwezi wa Novemba 1959. Capote alikuwa na mafaili ya wapelelezi, alizungumza na wauaji gerezani kwa miaka, na kitabu hakikufika mwisho wake mpaka waliponyongwa, Aprili 1965. Dola ilikuwa imekwisha kumfanyia nusu ya kazi. Ilitafuta, ilikamata, ilihukumu. Yeye akaja na sanaa yake. Kwa mwandishi wa kifo cha Lumumba mambo yalikuwa kinyume kabisa, kwa kuwa wenye dola ndio waliokuwa watuhumiwa, na dola zenyewe zilikuwa nyingi.

Hapa ndipo neno «ukomunisti» linapoingia, na linastahili kuchunguzwa kama neno, maana ndilo lililoshika nafasi ya muuaji katika maandishi mengi. Ratiba ya mwaka 1960 inajulikana. Tarehe 12 Julai, Rais Kasa-Vubu na waziri mkuu Lumumba waliomba kwa pamoja msaada wa Umoja wa Mataifa dhidi ya majeshi ya Ubelgiji. Mwishoni mwa mwezi huo Lumumba alikwenda Washington; hakwenda Moscow. Ni baada ya kuona kwamba kofia za buluu hazitamwondolea Tshombe ndipo alipopokea ndege na magari ya Wasovieti, mwezi wa Agosti. Tarehe 26 Agosti Allen Dulles, mkuu wa CIA, alituma simu ya maandishi Leopoldville akisema kwamba kumwondoa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza. Mwezi uliofuata mkemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, alileta sumu mwenyewe. Haikutumika. Mwaka 1962 Dulles huyo huyo alikiri katika televisheni kwamba hatari ya Wasovieti nchini Kongo ilikuwa imekuzwa kupita kiasi. Wakati huo Lumumba alikuwa amekwisha kufa zaidi ya mwaka mmoja.

Moscow nayo ilikuwa na hadithi yake. Mwezi wa Februari 1961 Khrushchev alidai Hammarskjöld aondolewe katika Umoja wa Mataifa, na Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kikapewa jina la marehemu. Jina hilo likaondolewa mwaka 1992, Muungano wa Kisovieti ulipokuwa umevunjika, likarudishwa mwaka 2023. Jina la mtu lilifuata hali ya hewa ya siasa, kama bendera mlingotini. Kwa upande mmoja alikuwa mkomunisti aliyestahili kuondolewa, kwa upande wa pili shahidi wa kupinga ubeberu. Katika hadithi zote mbili mtu mwenyewe, na saa alizoteseka, na mikono iliyomtesa, havionekani.

Tume ya Umoja wa Mataifa iliikataa hadithi ya Munongo mapema, katika ripoti ya Novemba 1961, ikasema wafungwa waliuawa siku ile ile walipofika, tarehe 17 Januari. Hata hivyo iliuweka uuaji katika nyumba moja jirani na mji. Baraza la Seneti la Marekani lilifunua habari ya sumu mwaka 1975. Lakini kwa maandishi yanayofuata saa kwa saa ilibidi kungoja mwaka 1999, Ludo De Witte alipotoa kwa Kiholanzi kitabu chake juu ya mauaji ya Lumumba. De Witte si fundi wa sentensi kama Capote. Kurasa zake ni nzito, zimejaa simu za maandishi na majina ya maofisa. Nguvu yake iko katika vitenzi vyenye watendaji. Nani aliamuru ndege, nani alipiga ndani ya ndege, nani alilinda nyumba ya Brouwez mchana ule, nani alishika tochi porini usiku: kamishna Frans Verscheure, kapteni Julien Gat, askari wa Katanga, na mbele yao Tshombe, Munongo na mawaziri wengine. Kitabu hicho kililifanya Bunge la Ubelgiji liunde tume, nayo mwaka 2001 ikakubali kwamba Ubelgiji ilikuwa na wajibu wa kimaadili. Kivumishi hicho cha mwisho kilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa.

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Lubumbashi ilimngoja De Witte ili ijue. Mwaka 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alimsimulia Johannes Fabian historia ya nchi, picha kwa picha, kwa Kiswahili cha Shaba. Katika picha ya kifo cha Lumumba miili mitatu imelala chini, na nyuma yake imesimama misalaba mitatu. Tshibumba hakuwa na hati hata moja. Alikuwa na mazungumzo ya mji, na katika mazungumzo hayo hadithi ya wanakijiji haikupata wa kuiamini. Wanafunzi wa fasihi yetu wangefaa kuyasoma maneno yake sambamba na ripoti za tume, kwa kuwa ni uchunguzi wa jinai pia, uliofanywa kwa lugha ambayo hakuna tume iliyoitumia.

Kuna mwandishi mwingine, wa kutisha zaidi. Gerard Soete, afisa wa polisi Mbelgiji, ndiye aliyepewa kazi ya kuipoteza miili siku chache baada ya mauaji, kwa msumeno na kwa tindikali ya salfa, ile ile inayojulikana na kila mtu wa nchi ya shaba. Mwaka 1978 alichapisha kwa Kiholanzi kitabu kiitwacho De Arena, akiyatia mambo hayo katika vazi la riwaya. Mahakama hazikumwita. Riwaya ilimruhusu kukiri bila kukiri, na wasomaji wachache waliokisoma walikifunga wakaendelea na shughuli zao. Karibu na mwisho wa karne alisema waziwazi mbele ya kamera kwamba alijiwekea meno ya Lumumba.

Jino moja lilichukuliwa na wakuu wa sheria wa Ubelgiji mwaka 2016, likakabidhiwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022. Kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni jeneza lilizungushwa nchini, likafika na Shilatembo, porini, mahali risasi zilipopigwa. Jina la kijiji kile cha Munongo halikutajwa kamwe, kwa kuwa kijiji chenyewe hakikuwapo.