Sili ya habu ya nyuma ya pikapu: kwa nini huvuja na jinsi ya kuibadilisha

DOA jeusi la oili upande wa ndani wa gurudumu la nyuma ni dalili ambayo wenye pikapu wengi huipuuza, maadamu injini haina neno na gari lingali linatembea. Hata hivyo, oili hiyo humwagikia mahali pabaya kuliko pote, yaani ndani ya drumu ya breki.

Katika pikapu nyingi za kubeba takriban tani moja, zikiwemo Toyota Hilux zenye breki za drumu, kila gurudumu la nyuma huzungushwa na shafti inayotoka kwenye difu na kupita ndani ya bomba la ekseli. Difu hulainishwa na oili nzito ya gia, ambayo hutiririka hadi ncha za bomba hilo gari linapopinda kona au kuegemea upande mmoja. Kinachoizuia isitoke ni sili, pete ya chuma iliyovikwa mpira wenye mdomo mwembamba. Mdomo huo hubanwa na springi ndogo ili uikumbatie shafti inapozunguka.

Dalili na hatari

Kabla ya kulaumu sili, sharti ibainishwe ni oili gani inayovuja. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti. Ile ya breki ni nyepesi na hubabua rangi ya gari. Ikionekana, huenda kasoro ikawa kwenye silinda ndogo ya breki iliyo ndani ya drumu.

Shuu za breki zikilowa oili, hushindwa kuishika drumu barabara. Gari huvutwa upande mmoja linapofungwa breki, na breki ya mkono, ambayo hutegemea shuu hizo hizo, hukataa kulizuia mlimani. Pikapu iliyosheheni viazi ikiteremka Mai Mahiu haina nafasi ya kubahatisha. Aidha, oili ikipungua mno, gia za difu husagana zikiwa kavu hadi zikaharibika.

Chanzo chake

Sili huchakaa kwa umri na joto, lakini mara nyingi huwa imeponzwa na kasoro nyingine. Beringi iliyolegea huifanya shafti itikisike na kuupanua mdomo wa mpira. Tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli likizibwa na matope, hewa iliyopata moto hukosa pa kutokea na kuisukuma oili nje. Oili iliyojazwa kupita kiasi huleta matokeo hayo hayo, sawa na mfereji uliochimbika kwenye shafti pale sili inapogusa. Fundi asiyekagua mambo haya manne hufunga sili mpya ambayo itavuja tena baada ya muda mfupi.

Hatua za kazi

Gari huegeshwa mahali tambarare, magurudumu ya mbele yakazuiwa kwa vigingi na breki ya mkono ikaachiliwa. Upande unaovuja huinuliwa kwa jeki, kisha ekseli ikakalishwa juu ya stendi imara. Jeki pekee haitoshi. Kuinua upande mmoja kuna faida nyingine: oili hurudi upande wa pili badala ya kumwagika.

Gurudumu na drumu huondolewa. Katika Hilux, bomba la oili ya breki na kebo ya breki ya mkono hutenganishwa, kisha nati 4 zinazoshikilia bamba la breki kwenye ekseli hufunguliwa. Shafti hutolewa pamoja na bamba hilo, ikinyooshwa isikwaruze chochote.

Kina cha sili kuukuu hupimwa kabla ya kung'olewa ili mpya ikae pale pale. Makao yake husafishwa bila kukwaruzwa. Upande wenye springi huelekezwa ndani, kuliko na oili, na mdomo hupakwa grisi au oili kidogo. Sili huingizwa kwa kugongwa polepole kwa kifaa cha mviringo chenye upana unaolingana nayo. Ikiingia upande, imeharibika.

Iwapo beringi inanguruma au kulegea, hubadilishwa kwa mashine ya presi wala si kwa nyundo, kwani katika ekseli za aina hii beringi ndiyo inayoizuia shafti isichomoke pamoja na gurudumu. Shafti inaporudishwa, uzito wake hubebwa kwa mikono ili meno yake yasiukate mdomo wa sili mpya.

Shuu zilizolowa hazina budi kutupwa. Baadhi ya mafundi huzisugua kwa msasa au kuzichoma moto, lakini oili iliyopenya ndani hujitokeza tena breki zikipata joto. Shuu mpya hufungwa pande zote mbili ili gari lisivutwe. Drumu nayo husafishwa kwa dawa ya kusafishia breki.

Hatimaye hewa hutolewa kwenye mfumo wa breki, tundu la kupumulia huzibuliwa, na gari likiwa tambarare oili ya difu hujazwa hadi ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Breki hujaribiwa kwa mwendo wa polepole kabla ya gari kupakiwa mzigo, na nati za gurudumu hukazwa tena baada ya kilomita chache.

Sili ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu zaidi katika ekseli nzima. Shuu, beringi na difu zinazoharibika kwa sababu yake ndizo ghali, na usipoziba ufa utajenga ukuta.