Ulimbo, Jasi na Moto: Suala la Kiungo katika Uchongaji wa Kongo

Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliiachia Bunia makaburi, nyumba zilizoungua na maganda ya risasi. Je, mwanafunzi wa uchongaji aweza kuyafanya maganda hayo kuwa sanamu? Swali hili ni la kimaadili, lakini linaanzia katika ufundi: vipande visivyoshikamana si sanamu.

Mara nyingi hudhaniwa kwamba mchongaji wa jadi alitumia gogo moja tu, na kwamba kuchanganya vitu ni mtindo wa shule za kisasa. Dhana hiyo haitoshi. Sanamu za nkisi za Wabakongo zilianza na mti, zikakamilishwa kwa vitu vingine. Tumboni mganga alitia dawa, akaziba kwa ulimbo, na mara nyingi akabandika kioo juu yake. Katika zile ziitwazo nkondi, misumari na vyembe vilipigiliwa mwilini, kila kimoja kwa kiapo au shauri lake. Bila ulimbo dawa isingekaa, na bila dawa sanamu ingebaki gogo.

Ni katika nchi hiyo ya Wabakongo, Gombe-Matadi, ambako Bruda Marc-Stanislas, Mbelgiji, alianzisha Shule ya Saint-Luc mwaka 1943. Mwaka 1949 ilihamia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na mwaka 1957 ikawa Akademia ya Sanaa. Huko mwanafunzi hufinyanga udongo na kumimina jasi. Freddy Tsimba, aliyezaliwa 1967, alihitimu hapo mwaka 1989, kisha akaenda kwa wafua chuma na wayeyushaji kujifunza kazi ya moto. Kwa kulehemu aliunga vijiko, mapanga na maganda ya risasi. Mwaka 2018 sanamu yake ya maganda, Porteuse de vies, yaani mwanamke mbeba uhai, iliwekwa katika Jumba la Chaillot, Paris, katika miaka 70 ya Tangazo la Haki za Binadamu.

Kazi hiyo si nyepesi. Katika ganda la aloi ya shaba, zinki huchemka kwa nyuzi 907, ilhali shaba tupu huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Moshi wake ni hatari.

Ganda lililolehemiwa halifichi lilikotoka, kama vile msumari wa nkondi usivyofichwa. Kwa Bunia, ambako mapigano yalizuka tena Ituri mwaka 2017, hilo ndilo sharti la sanaa hiyo: kiungo kishike vipande pamoja bila kufuta shauri lililobebwa na kila kimoja.