Matangazo Yaliyopita Hewani: Hifadhi ya Sauti Kutoka Kanda hadi Intaneti

Neno linenwalo hewani halina mwili. Litokapo kinywani mwa msemaji hufika masikioni mwa maelfu kwa wakati mmoja, kisha hutoweka, isipokuwa awepo mtu aliyelinasa. Kwa sababu hiyo historia ya utangazaji ina sehemu mbili: historia ya sauti zilizosikika, na historia ya sauti zilizohifadhiwa. Hii ya pili ni fupi zaidi, nayo ndiyo wanayorithi watu wa baadaye.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikalitwaa, ikaanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam. Chombo cha kunasia sauti katika miaka hiyo kilikuwa kanda ya sumaku. Kanda ilikuwa na tabia mbili zenye kupingana: iliweza kutunza sauti kwa miaka mingi, na iliweza pia kufutwa ikatumiwa upya. Tabia hii ya pili imeangamiza mengi duniani. BBC ilifuta vipindi vingi vya miaka ya 1960 na 1970 ili kuokoa gharama na nafasi. Na mwaka 2009 NASA ilieleza kwamba kanda za asili za picha zilizorushwa kutoka mwezini Julai 1969 yaelekea zilifutwa kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa mataifa yenye mali yalipoteza namna hiyo, yafaa kushukuru kwa kila kilichosalia katika nchi ambayo kanda moja ilikuwa ghali.

Katika vilivyosalia zimo hotuba za Mwalimu Julius Nyerere. Hotuba yake ya tarehe 2 Novemba 1978, aliyoitoa mbele ya wazee wa Dar es Salaam baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, ilikuwa wito wa vita kwa siku ile. Leo vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya vita hivyo huisikia kama somo la uraia. Hali kadhalika hotuba yake ya Mei Mosi 1995 mjini Mbeya, juu ya sifa za kiongozi wa nchi, hurudiwa kila uchaguzi ukaribiapo. Hapo ndipo ionekanapo thamani ya hifadhi: neno lililosemwa kwa ajili ya siku moja hugeuka kuwa shahidi, na wanaotawala baadaye hupimwa kwalo.

Lakini shahidi aliyefungiwa ndani ya chumba hamsaidii kila mwenye haki. Mfano mmoja ni Liparamba, kata ya Wilaya ya Nyasa, zamani sehemu ya Wilaya ya Mbinga, jirani na mpaka wa Msumbiji. Nchi hiyo imeguswa na mambo mawili makubwa yaliyopita hewani. La kwanza ni vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza Septemba 1964 na kukomeshwa na Mkataba wa Lusaka wa Septemba 1974. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ilisema na watu wake kwa mitambo ya Radio Tanzania, hali wakimbizi wakivuka Ruvuma kuja kaskazini. La pili ni mpaka wa Ziwa Nyasa. Mwaka 1967 Mwalimu alitangaza kwamba mpaka na Malawi wapita katikati ya ziwa; Rais Banda akakataa, na shauri hilo likafufuka mwaka 2012.

Kanda za Radio Tanzania ziliwekwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Liparamba. Wengi waliosikia maneno hayo yakisemwa wamekwisha kufariki, na wajukuu zao aghalabu hubaki na masimulizi tu. Zaidi ya hayo, mawimbi yalikwenda upande mmoja: mji mkuu ulinena, Liparamba ikasikiliza. Yale waliyojibizana wasikilizaji kwa Kimatengo au Kinyasa hayakuwa na kipaza sauti.

Intaneti imegeuza jambo hili. Sasa mwenye simu aweza kurusha mkutano wa kijiji, mazishi, au ngoma ya mganda na kihoda, na jamaa walioko mbali wakaona saa ile ile. Ila wengi hudhani kwamba kilichorushwa kimehifadhiwa, na dhana hiyo ni ya hatari. Februari 2025 Facebook ilianza kuweka video mpya za moja kwa moja kwa siku 30 tu kisha kuzifuta. Wenye video za zamani walipewa siku 90 za kuzipakua. YouTube nayo haihifadhi yenyewe matangazo yanayozidi saa 12. Kanda za zamani ziliharibiwa na joto, unyevu na uhaba wa fedha. Video za leo zaweza kufutwa kwa uamuzi wa kampuni iliyo ng'ambo, isiyojua Liparamba iko wapi.

Dawa yake haihitaji mitambo mikubwa. Anayerusha tangazo na arekodi pia papo hapo katika chombo chake, maana nakala iliyopita kwenye mtandao dhaifu hufika na mapengo. Nakala ziwe zaidi ya moja, nazo zikae mahali mbalimbali. Na kila nakala iandikwe tarehe, mahali, lugha na majina ya wasemaji waliokubali kuhifadhiwa, kwa kuwa sauti isiyo na maelezo haitofautiani sana na bubu.

Kazi hiyo yaweza kuanza katika shule ya sekondari au ofisi ya kata, na vyuo vikuu vikatoa mafunzo na mahali pa kuwekea nakala ya pili. Nakala ya kwanza hapana budi ibaki kwa wenyewe, ili wa Liparamba asilazimike kufunga safari kwenda mjini kuisikia sauti ya babu yake.