Fadhila za Paka na za Paa

Mjanja mashuhuri wa hadithi za Ulaya ni yule paka mwenye viatu wa Charles Perrault, aliyechapwa Paris mwaka 1697. Humpelekea mfalme sungura, akidai ni zawadi ya bwana wake, Marquis wa Carabas, cheo cha kubuni. Kisha huwatisha wavunaji kwamba watakatwakatwa kama nyama ya kima wasiposema mashamba ni ya huyo Marquis. Nao, maskini, husema. Mwisho paka hupewa ukubwa, na panya huwawinda kwa kujifurahisha tu.

Giambattista Basile wa Naples, aliyefariki mwaka 1632, alisimulia vingine. Paka wake hujifanya amekufa ili amjaribu bwana aliyemuahidi kwamba akifa mwili wake utakaushwa na kuwekwa katika kizimba cha dhahabu. Bwana akaamuru atupwe dirishani! Paka akainuka, akamsuta, akenda zake.

Waliokulia Unguja watamkumbuka paa wa Sultani Darai, ambaye Edward Steere alimchapa London mwaka 1870. Paa humtajirisha fukara aliyekuwa akichakura jaani. Alipougua, bwana akamtupia uji wa mtama, akafa. Bwana naye akaamka yuko jaani.

Kufanana huku hakuthibitishi nani kachukua kwa nani. Ila Perrault alitumikia miaka mingi chini ya Colbert, waziri wa Louis XIV, na kwake mtumishi mwerevu hulipwa daima. Mwaka 1901 Andrew Lang alimtia paa wetu katika kitabu chake cha watoto wa Kiingereza, na jaa hakuliondoa.