Gitaa la umeme lilivyopanda Mlima Kenya

Gitaa la umeme sasa ni mwenyeji wa Embu na Meru. Jumamosi usiku huchezesha mugithi vilabuni, mpigaji mmoja akiwatosha watu walioshikana mabega katika mstari mmoja hadi alfajiri. Jumapili asubuhi husikika tena likiongoza nyimbo za sifa makanisani, kuanzia Runyenjes na Chuka hadi Nkubu na Maua. Stesheni za Wimwaro na Muuga, zinazotangaza kwa Kiembu na Kimeru, zinalirusha hewani kila siku.

Hata hivyo, lilichukua muda mrefu kufika. Lilizuiwa na sheria, likacheleweshwa na ukosefu wa stima, na mpaka leo vijana wengi hukatishwa tamaa na bei. Ukifuatilia historia yake utaona jambo moja ambalo kila anayetaka kununua gitaa la kwanza angepaswa kulijua: chombo hiki kilibuniwa ili mpigaji wa kawaida akimudu na fundi wa kawaida akitengeneze. Gitaa la bei nafuu likisawazishwa vizuri linafanya kazi yote ambayo waliolibuni walilikusudia.

Chombo cha fundi redio

Katika bendi za densi za Marekani za miaka ya 1920, gitaa la mbao lilimezwa na tarumbeta na ngoma. Mwaka 1932 kampuni ya Rickenbacker ilianza kuuza gitaa la umeme lenye mwili wa chuma, lililopigwa likiwa limelazwa mapajani. Utaratibu wake ndio unaotumika hadi leo. Chini ya nyuzi za chuma kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika huisumbua nguvu ya sumaku, waya ule hutoa umeme kidogo sana, amplifaya huukuza na spika huugeuza kuwa sauti.

Hatua kubwa zaidi ilipigwa mwaka 1950 na Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alitoa gitaa la ubao mzima lisilo na tumbo wazi, na mwaka uliofuata likapewa jina la Telecaster. Shingo yake haikugandishwa kwa gundi kama ilivyokuwa desturi, ilifungwa mwilini kwa skrubu nne. Ikipinda au kulika, unaifungua kwa bisibisi na kufunga nyingine. Swichi na waya zake ni zile ambazo fundi redio yeyote angezielewa. Gibson ilijibu kwa Les Paul mwaka 1952, na mwaka 1954 Fender akatoa Stratocaster yenye pikapu tatu. Magitaa mengi yanayouzwa leo kama ya mtindo wa zamani ni nakala za hayo matatu.

Kutoka pwani hadi Nairobi

Kenya iliingia katika historia hii kupitia pwani. Mwanamuziki Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924, aliwatumbuiza askari wa King's African Rifles huko Asia wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baadaye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda kule Katanga, Kongo, na namna yake ya kuchuna nyuzi kwa vidole ikawavutia wapigaji wa Kenya. Magharibi mwa nchi, George Mukabi alijijengea jina kwa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, mdundo wake ukigongwa kwenye chupa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 gitaa la umeme lilikuwa limetulia Nairobi. Katika studio ya Equator walikusanyika Fadhili William, Daudi Kabaka na Gabriel Omolo, pamoja na wanamuziki waliotoka Zambia kama Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi. Kazi yao ilivuka mipaka: mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza lilirekodi upya wimbo wa Kabaka, “Helule Helule”. Wengi wa waliotajwa hapa walitoka pwani, magharibi au nchi nyingine, na sehemu kubwa ya sababu ya wana wa mlima kukosekana imo katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni.

Miaka ya kipande

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau Oktoba 1952. Wakoloni waliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja la watu wa kushukiwa, na wakawabebesha vitambulisho vya pekee ili wachujwe njiani na mijini. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya wanaume wa jamii hizo walikamatwa na kupelekwa vizuizini, na wengine wakarudishwa mashambani. Huko walikuta vijiji vilivyolindwa na kafyu inayoanza jua likizama.

Gitaa la umeme lilihitaji mji: studio, kumbi za densi, duka la nyuzi na mwenzako wa kukufundisha. Miaka ambayo Nairobi ilikuwa ikijifunza chombo hiki ndiyo miaka ambayo kijana wa Embu au Meru hakuweza kukaa humo bila kibali, wala kukesha ngomani kwao. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Anayesema kwamba watu wa mlima walichelewa kwa kukosa kipaji aisome kwanza miaka hiyo saba.

Baada ya uhuru mlango ulifunguka. Joseph Kamaru wa Kangema (1939–2018) alionyesha kwamba wimbo wa lugha ya mlima unaweza kuuza santuri kwa wingi. Wazalishaji wa muziki wa River Road, Nairobi, waliwapokea waimbaji wa lugha nyingi. Mtindo wa benga uliokuzwa na Waluo, wakiwemo D. O. Misiani na Shirati Jazz, ukawafikia Wakikuyu, Wakamba, Waembu na Wameru, kila jamii ikiutia lafudhi yake. Kisha baridi kali ilichoma mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa ikapanda duniani kote mwaka 1976 na 1977. Wakulima wa Embu na Meru walipata fedha ambazo hawakuwahi kuziona, na palipo na fedha redio na santuri hununuliwa.

Stima juu ya paa

Kizuizi cha pili kilikuwa umeme wenyewe, na hapa historia inauma. Mto Tana unapita kando ya ardhi ya Mbeere, kusini mwa Embu, na humo ndimo yalimojengwa mabwawa yaliyoimulika Kenya: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Nyaya nene zilipita juu ya mapaa ya watu waliosomea taa ya koroboi. Mpango wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi bendi iliyotaka kupiga nje ya mji ilibeba jenereta au betri ya gari.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Sheria ya Nishati ya 2006 kuunda mamlaka ya umeme vijijini, na baada ya mradi wa umeme wa Last Mile kuzinduliwa mwaka 2015. Shule, soko na kanisa la kijijini vikapata soketi. Ndipo gitaa la umeme lilipotoka mikononi mwa bendi chache za mjini na kuwa la kwaya ya vijana. Mpiga mugithi naye aliweza kutoka klabu moja hadi nyingine akiwa na gitaa, kinanda cha kumpigia mdundo na waya wa kuchomeka.

Kununua kwa macho na masikio

Bei nayo ina historia yake. Kufikia miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilikuwa vikitengeneza nakala nzuri za magitaa ya Marekani kwa gharama ndogo. Mwaka 1982 Fender yenyewe ilianza kutengeneza huko magitaa ya jina la Squier, na baadaye kazi ikahamia Korea, China na Indonesia. Gitaa linalomfikia kijana wa Meru leo, jipya kutoka dukani Nairobi au la mkono wa pili, huenda limetoka katika kimojawapo cha viwanda hivyo. Mbao zimekatwa kwa mashine ya kompyuta, kwa hiyo umbo huwa sawa. Kiwanda cha bei nafuu hubana muda wa kumalizia: freti, yaani vijiti vya chuma vya shingoni, hazikusuguliwa, nyuzi zimeinuliwa mno, skrubu zimelegea. Kasoro hizo zote fundi anaweza kuziondoa.

Basi ukienda kununua, anza na shingo. Itazame kuanzia kichwani kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imejipinda kwa kujisokota, liache. Pitisha kidole ukingoni uone kama ncha za freti zinakwaruza. Piga kila uzi kwenye kila freti usikilize panapofoka. Lichomeke kwenye amplifaya na uzungushe vidhibiti vyote: mkwaruzo mdogo ni vumbi na husafishwa, lakini pikapu iliyonyamaza ni gharama.

Usisahau amplifaya. Stima ya Kenya ni volti 240. Amplifaya ya mitumba kutoka Marekani imeundwa kwa volti 120, na ya Japani kwa volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani itaungua siku hiyo hiyo, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma na ununue transfoma ya kushusha umeme. Hakikisha pia soketi ina waya wa ardhini. Mpigaji anayeshika nyuzi huku midomo imegusa maikrofoni katika jengo lisilo na waya huo anaweza kupigwa na stima.

Kulisawazisha

Kusawazisha gitaa ni kazi ya saa moja au mbili. Funga nyuzi mpya, seti inayoanza na 0.010 ya inchi, kisha uziweke katika sauti zake. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, uangalie nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba. Robo ya milimita inatosha, nafasi ambayo kadi nyembamba hupita kwa shida. Ikizidi, kaza fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, ukague tena. Usiilazimishe kamwe.

Halafu shusha daraja. Kwenye freti ya 12, uzi mwembamba kabisa uwe kama milimita 1.6 juu ya freti, na mnene kabisa kama milimita 2. Mwishowe linganisha sauti ya uzi uliobanwa freti ya 12 na ile inayolia uzi unapoguswa tu hapo hapo. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Gitaa lililokosa usawa huu hukufanya uamini kwamba sikio lako ndilo bovu, na wanafunzi wengi wameacha kupiga kwa sababu hiyo.

Mlimani kazi hii hurudiwa. Mbao hunywa unyevu wa mvua za Machi hadi Mei na kukauka kiangazi, na gitaa lililosawazishwa Meru mjini litabadilika likikaa Isiolo au Mbeere kwenye joto kavu. Kagua shingo kila msimu unapogeuka.

Ujuzi huu wote umegawanyika kati ya kazi mbili ambazo vyuo vya ufundi vya kaunti zetu tayari vinazifundisha: useremala na umeme. Kozi fupi ya kutengeneza magitaa ingeziunganisha. Mbao nazo zipo, kwani muuru, unaojulikana kwa wafanyabiashara kama mwaloni wa Meru, hupandwa kwenye miteremko hii. Ni mti unaohitaji kulindwa, lakini mabaki ya kiwanda cha samani yanatosha kumfundisha mwanafunzi kuchonga mwili wa gitaa. Serikali za kaunti za Embu na Meru zikiweka somo hilo kwenye ratiba, kijana wa Runyenjes hatalazimika kupeleka gitaa lake Nairobi kwa ajili ya skrubu iliyolegea, na fundi wa nyumbani atapata riziki kwa chombo ambacho baba zake walizuiwa kukikaribia.