Uchovu wa viungio vya titani vilivyochomelewa

Uchovu wa viungio vya titani vilivyochomelewa ni udhaifu unaojengeka polepole pale kiungio kinapobeba mizigo inayojirudia, hata kama kila mzigo peke yake hauwezi kukivunja. Aloi inayotumika zaidi ni Ti-6Al-4V, yenye takriban asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi.

Ufa huanzia aghalabu kwenye kijitundu cha gesi kilichonaswa ndani ya mshono, au ukingoni mwake, ambako umbo hubadilika ghafla na mkazo kukusanyika. Kila mzunguko wa mzigo huusogeza mbele kidogo, mpaka sehemu iliyobaki inazidiwa na kukatika ghafla.

Titani yenye joto kali hufyonza oksijeni, nitrojeni na hidrojeni, ikapoteza unyumbufu. Kwa hiyo mafundi huikinga kwa gesi ya arigoni, au huichomelea ndani ya ombwe kwa mwali wa elektroni, kama ilivyofanyika kwa fremu ya kati ya mabawa ya ndege ya kivita ya Marekani, F-14. Mshono safi huwa na rangi ya fedha. Buluu au unga mweupe ni dalili ya uchafuzi.

Kusawazisha uso wa mshono na kuupasha joto ili kupunguza mikazo iliyobaki ndani yake hurefusha maisha ya kiungio.